Kibali cha Kopabeti na Jina la Baba Mkwe

Tulimzika Tabita Jumatano pale Makambako, upepo ukivuma kiasi kwamba mchungaji alishika kurasa za kitabu chake kwa viganja vyote viwili na bado zikamshinda. Msema chochote, yule mwongoza shughuli, alinifuata nilipokaa, akanipa kipaza sauti, akasema, "Bibi Rahabu, wewe umemjua marehemu kuliko sisi wote. Dakika mbili tu, Bibi." Nikasimama. Nikasema tulikutana tukiwa wasichana, kwamba alikuwa mchangamfu, kwamba hakumnyima mtu chakula. Halafu nikakirudisha. Wanawe walinitazama kama watu waliopewa chai isiyo na sukari. Yaliyobaki nilikuwa nayo, tena mengi, lakini hayakuwa ya dakika mbili na hayakuwa ya mbele ya mchungaji. Ndiyo haya ninayoandika. Shule yangu ni darasa la pili la misheni, kuta za mianzi na mwalimu mmoja aliyelima zaidi ya kufundisha. Mengine nimeyaokota mwenyewe sokoni, kwenye mbao na viazi, na nyumba nilizo nazo leo Makambako hakuna mwanamume aliyenijengea. Mjukuu wangu amesema atanisahihishia. Nimemwambia asahihishe nukta, maneno ayaache.

Nilizaliwa wapi na nani, hayo hayahusu. Naanza na chumba. Kilikuwa nyuma ya duka la Mwarabu, kina kitanda kimoja cha kamba, dirisha la ubao lisilofunga, na msumari mmoja ukutani ambao ulikuwa kabati. Makambako ya wakati wa Waingereza usiifikirie kama hii ya leo yenye reli na maghorofa. Ilikuwa njia panda tu: barabara ya Iringa kwenda Mbeya, na tawi la kwenda Njombe na Songea. Maduka machache ya mabati, pampu moja ya petroli ya kuzungusha kwa mkono, na ofisi ya wakala. Ofisi ndiyo iliyonileta. Ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya kijani, na ndani yake Mzungu mmoja aliisemea migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini pamoja na serikali ya huko, yote mawili kwenye meza moja. Nchi ile sisi tuliiita Kopabeti. Mwanamume aliyetaka kwenda kuchimba alipita pale. Mke aliyetaka kumfuata mumewe naye alipita pale, kuomba kibali cha kukaa kule kwa muda, mpaka mkataba wa mume uishe. Bila kibali ulirudishwa kutoka mpakani Tunduma. Waliorudishwa niliwaona kwa macho yangu, wakishuka kwenye lori na mabunda yao, hawamtazami mtu.

Mume wangu Yohana alikuwa kule tangu mwaka uliotangulia. Tulikuwa tumeoana, tukalala nyumba moja msimu mmoja wa mvua, akaondoka. Barua yake ilinifikia Njombe wakati wa baridi, wakati ukungu unafika mpaka kizingitini na majani ya viazi yanaungua kwa sakitu. Aliyemwandikia alikuwa na mwandiko mzuri na maneno machache. Kampuni imenipa nyumba ya watu wenye wake, chumba na jiko. Mvua zikianza kabla hujafika, nyumba anapewa mwingine nami narudishwa kambi ya waseja, na kuomba mara ya pili hakuna. Halafu chini kabisa, neno moja peke yake, njoo. Hilo lilikuwa limepinda na wino umezidi. Nadhani aliliandika mwenyewe. Basi nikaenda Makambako na barua hiyo, na barua ya jumbe wetu iliyosema mimi ni mke wa nani, na chanjo ya ndui ikiniwasha begani.

Tabita nilimkuta chumbani. Alikuwa Mkinga, mrefu, ana mwanya mpana, amekaa kitandani anamenya kiazi kilichochemshwa kana kwamba chumba ni chake na kiazi ni cha kwangu.

"Wewe wa wapi?"

"Njombe."

"Mbena. Mungu anisaidie. Unakoroma?"

"Sijui."

"Basi unakoroma. Asiyekoroma anajua."

Akanikatia nusu. Hivyo ndivyo tulivyojuana. Viazi tulivichemsha na maganda yake, tukala na chumvi ya mawe, na siku nyingine tukapata njegere kavu ambazo zilichemka tangu asubuhi mpaka mtu anasahau kwamba alikuwa na njaa. Chai ya rangi tuliinywea nyuma ya mlango, maana ukitoka nayo nje upepo uliipoza kabla haijafika mdomoni. Mzungu hakukaa Makambako. Alikuja kutoka Mbeya na gari lake alipotaka, na katikati ofisi ilikuwa mikononi mwa karani. Kwa hiyo kila mtu pale aliishi kwa kusikiliza gari. Ungeona wanawake wazima wameinua vichwa wote kwa pamoja kama mbuzi waliosikia kitu, halafu lori la magunia linapita, vichwa vinashuka.

Ukuta kati yetu na chumba cha pili ulikuwa wa mabanzi, na chumba kile walilala wanaume waliokuwa wanarudi kutoka Kopabeti, na masanduku yao ya bati na kofia zao. Waliongea kama watu waliokaa muda mrefu kwenye makelele. Tulisikia bei za baiskeli, tulisikia nani kaangukiwa na jiwe. Jioni moja kabla giza halijaingia mmoja akasema, "Kule ukipata mpishi, umepata mama." Mwingine akauliza, "Mpishi au mke?" Wa kwanza akajibu, "Ni mtu yuleyule, tofauti ni sufuria ya nani." Wakacheka. Halafu nikasikia jina la mume wangu.

"Yohana wa Njombe yupo? Yule mwenye kovu kwenye nyusi?"

"Yupo, mzima. Ana nyumba sasa. Kuna mama mmoja Mbemba anampelekea ugali."

"Anapeleka tu?"

"Mimi nilikuwa napita njia, ndugu yangu. Sikuingia kuhesabu matonge."

Tabita aliacha kutafuna akanitazama. Nikajifanya natafuta sindano. Tangu siku hiyo sikukaa. Nilikwenda kwenye pampu nikarudi, nilisimama barabarani kutazama upande wa Mbeya, nikatazama mawingu upande wa Njombe kama yameanza kujikusanya. Nilifagia ua wa Mwarabu bila kuombwa mpaka mkewe akaniuliza nimepoteza nini. Mimi sasa ni mtu wa kukaa. Nakaa dukani mwangu kutwa, anayetaka kitu anakuja. Lakini mwili wa mwaka ule naukumbuka, ulikuwa kama sufuria yenye mfuniko unaorukaruka.

Karani aliitwa Bwana Gondwe, mtu wa Nyasa, amevaa tai ambayo upepo ulimpiga nayo usoni kila alipofungua mlango, na hakuivua. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu. Alizaliwa kwenye nyumba za misheni, na kwao wake waliitwa kwa jina la mume kama Wazungu wafanyavyo. Hakuwa mtu mbaya. Zamu yangu ilipofika, akanikalisha kwenye kigoda mbele ya meza, watu wengine wakiwa kwenye benchi nyuma yangu.

"Jina lako?"

"Rahabu."

"Mume?"

"Yohana."

"Yohana nani?"

"Yohana wa Njombe."

"Njombe ni mji. Nauliza jina la baba yake."

"Baba yake yupo, mzima."

"Nimefurahi. Anaitwaje?"

Nikatazama miguu ya meza. Ni lazima nieleze hapa, maana wajukuu wangu wenyewe hawajui. Kwetu siku zile mke hakulitamka jina la baba mkwe. Hakulitamka mbele yake, hakulitamka shambani, hakulitamka hata akiwa peke yake anapepeta ulezi. Hakula naye wala hakuongea naye uso kwa uso. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima kwa mtu aliyekuzalia mume. Siku ya kuolewa, shangazi zake Yohana walinikalisha kwenye mkeka wakaniambia jina lile limefungwa mdomoni mwangu, na lilifungwa kweli. Wachungaji walisema ni mambo ya kale, lakini baba mkwe wangu mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa na hakuyaacha. Mimi leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye, na bado silitaji, na humu siliandiki. Anayelitaka akaulize kwingine.

"Mama," akasema Karani, "jina ninalo hapa, jumbe wako ameliandika. Nakuuliza si kwa sababu silijui. Nataka nilisikie kwako."

"Liko hapo, Bwana Karani. Lisome."

"Nikilisoma mimi, wewe utasema ndiyo. Yeyote angesema ndiyo."

Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Karani, huyo hawezi, ni mkwe." Karani akamuuliza, "Wewe ni nani wake?" Mzee akasema si mtu wake. "Basi acha ajibu mwenyewe. Wanawake wanakuja hapa na barua za kuomba kwa wajomba, kumbe mume hawamjui, wanakwenda kuuza pombe kambini, na lawama zinakuja kwangu." Akanigeukia. Angenifokea ingekuwa nafuu. Alisema taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mwongo. "Mwanamke asiyejua mumewe ni mtoto wa nani, hajaolewa naye. Nenda nyumbani, mama."

Aliyenifuata kwenye kigoda alikuwa Tabita. Nilikuwa bado mlangoni, miguu haijapata pa kwenda, nikasikia yote. Mume? Samsoni Sanga. Baba yake? Akamtaja. Babu? Akamtaja, akaongeza kwamba alikuwa na ng'ombe wekundu na alikufa kwa tumbo. Shangazi wa mume? Akawapanga mmoja mmoja, na aliyefiwa na aliyeachika. Karani aliandika mpaka akapumzisha mkono. Halafu akainua kichwa akawaambia watu wa benchi, "Mnaona? Jibuni kama huyu."

Chumbani Tabita alichukua kisu akaanza kumenya viazi vibichi bila kuniangalia. Nilimwambia amebahatika kuolewa kwa watu wanaoruhusu kutaja majina. Akasema, "Watu gani? Huyo Samsoni nimemwona mara moja, mnadani, kanisifia mwanya. Akasema nikifika kule nimuulizie. Kama ana baba mimi sijui."

"Na babu mwenye ng'ombe?"

"Nilimtunga. Nilimpenda, hata nilipomuua niliona uchungu."

"Na barua ya jumbe?"

"Jumbe ni mjomba wangu. Aliandika nilichomwambia." Hapo akaanza kucheka, mpaka akaweka kisu chini. "Wewe umeolewa kanisani, umetolewa mbuzi na majembe, umeambiwa hujaolewa. Mimi sijaolewa popote, nimeambiwa niwe mfano. Rahabu, litaje tu. Nenda kesho ulitaje. Mzee wako yuko Njombe, wewe uko hapa, atasikia kwa masikio ya nani?"

"Nitasikia mimi."

"Utasikia nini? Ni jina."

"Wewe huna mkwe."

"Sina mkwe, nina kibali."

Nilijaribu. Sitaki mtu aseme sikujaribu. Nilikwenda nyuma ya pampu, mahali upepo unapopiga sana, nikafikiri utalichukua kabla halijanifikia masikioni. Nikafungua mdomo, nikaanza, nikajikuta nimejiziba mdomo kwa kiganja. Nikarudi. Mwaka juzi mjukuu wangu aliomba viza ya kwenda kusoma nje. Alipigwa picha, akaweka vidole kwenye kioo, akangoja ujumbe kwenye simu. Akanilalamikia kwamba wamemuuliza maswali mengi. Nikamuuliza, walikuuliza jina la baba mkwe? Akacheka, akasema, Bibi, mimi sijaolewa. Nikamwambia hata mimi niliambiwa hivyo.

Nikapanda lori lililokuwa linarudi Njombe tupu kuchukua viazi. Nilimkuta mama mkwe jikoni, moshi umejaa mpaka kwenye mahindi ya darini, anakoroga ugali wa ulezi. Kati ya jiko na chumba cha mbele kulikuwa na ukuta wa udongo usiofika juu, na nyuma ya ukuta huo nilisikia mtu akinoa msumeno. Baba mkwe wangu alikuwa mpasua mbao. Mama akasema, "Umerudi. Wamekufukuza?" Nikasema, "Wamesema sijaolewa." Mwiko ukasimama, na upande wa pili tupa ikanyamaza.

"Mama Yohana," ikasema sauti ya ukutani, "muulize huyo mtu wa jikoni, kasema nini."

"Anauliza umesema nini," akasema mama.

"Nimesikia, mama."

"Husikii mpaka nikuambie. Haya, sema."

Nikamweleza mama, mama akaueleza ukuta, neno kwa neno, ingawa sote tulikuwa tumesikiana. Habari ya Mbemba sikuisema. Nilisema nyumba, na mvua, na kambi ya waseja. Mama mkwe alimaliza kupakua, akaketi, akasema kwa nguvu kidogo, bila kunitazama, "Si umpe ruhusa alitaje mara moja? Mara moja tu, kwa Karani, yaishe." Nilimsikia akipima makali ya msumeno kwa kidole.

"Ruhusa hiyo sina," akasema. "Jina si langu peke yangu, nimelikuta. Lakini mwanangu akirudishwa kwenye kambi ya wale waseja, huku harudi. Nimewaona wasiorudi." Akakohoa. "Mwambie huyo mtu aende kwa lori. Nami nitafika. Nitalitaja mwenyewe."

Mama akamuuliza kwa nini tusipande lori moja. Akasema hapandi chombo kimoja na mkwe wake, hata kingekuwa na ukubwa wa kanisa. Ni mwendo, Njombe mpaka Makambako, na yeye hakuwa kijana. Aliondoka kabla yangu, akilala kwa wakristo wenzake njiani. Lori letu lilimpita akiwa anapanda kilima, koti la jeshi limefungwa kwa kamba kiunoni, fimbo begani, sahani ya chakula imefungwa kwenye kitambaa. Nilikuwa juu ya magunia. Nilipomwona nikalala kifudifudi kati ya viazi, nisiwe juu ya kichwa chake, na vumbi letu lote likamshukia yeye. Dereva alipiga honi, mzee akainua fimbo kumsalimu. Mimi nilibaki nimelala mpaka kilima kikaisha.

Siku aliyofika Makambako Mzungu naye alikuwepo, mfupi, mwenye soksi ndefu, na kwenye meza amefungua sanduku lenye muhuri. Mawingu upande wa Njombe yalikuwa yameshakuwa ya rangi ya masizi. Tabita alikuja nami kwa sababu ya udadisi tu, akaegemea mlangoni. Nilikaa kwenye kigoda. Karani aliponiona akapumua kwa pua.

"Mama, tulishaongea."

"Amekuja mwenyewe, Bwana Karani."

"Nani?"

"Mwenye jina. Yuko nje."

"Mwambie aingie."

"Haingii. Mimi niko ndani."

"Basi toka wewe, aingie yeye."

"Nikitoka utasema mwombaji hayupo."

Karani alimtazama Mzungu, Mzungu akatazama saa. Kisha kupitia dirishani, ambapo nilikuwa naona mgongo wa koti la jeshi na si kitu kingine, sauti ikasema, "Karani wa humo ndani, kamwene." Karani akajikuta ameitika salamu hiyo ya Kibena. "Mimi ni fulani," akasema, na akalitaja, na la baba yake akalitaja, na la babu yake. Niliinuka, maana jina lile likitajwa mahali ulipo, mkwe husimama. Karani akaniashiria nikae, nikakaa. "Yohana nimemzaa mimi. Huyo aliye humo nimemtolea mbuzi na majembe, na mchungaji amewafungisha ndoa. Ulimuuliza jina langu akanyamaza. Alinyamaza kwa kuwa amefundishwa vizuri. Mwanamke angekuja hapa akakutajia baba mkwe kama anataja bei ya maharage, huyo ndiye ungemshuku."

Mlangoni Tabita alishikwa na kikohozi.

Bwana Gondwe alikaa na kalamu mkononi. Sikujua anafikiria nini. Labda aliwakumbuka wote aliowarudisha. Akamgeukia Mzungu, wakazungumza Kiingereza, kirefu kuliko nilivyotegemea. Mzungu akavuta karatasi, akaandika, akampa. Karani alisoma, akakunja uso, akaniambia kwa upole ambao safari hii ulikuwa wa kweli, "Mama, kuna jambo. Kwenye kibali mke anaandikwa kwa jina la mume, na la mume ni la baba yake. Kwa hiyo hili hapa ndilo jina lako huko. Tunduma wataliita. Getini mgodini wataliita. Zahanati wataliita. Usipoitika hupiti. Bwana anataka akuite hapa, asikie unaitika."

Sikuwa nimewahi kuwaza hilo. Kulitaja lilikuwa jambo moja. Kuitwa nalo, kulivaa, na mwenyewe yuko dirishani, hilo shangazi zake Yohana hawakuwa wamenifundisha hata namna ya kulikataa. Mzungu akasoma, ulimi wake ukijikwaa: Bibi Rahabu, halafu lile jina. Sikuitika. Nje, fimbo iliyokuwa inachorachora udongo ilisimama. Akaita tena. Nilisikia upepo ukitikisa bati. Nikaona kabisa Yohana anabeba godoro lake kurudi kambini, na nikaona sahani ya ugali inamfuata.

"Karani," ikasema sauti ya dirishani, "mwambie huyo mtu aitike. Anakwenda mbali, na jina lingine la kwendea hana."

Chumba kizima kilikuwa kimesikia. Lakini Bwana Gondwe aliinuka, akanyoosha tai yake, akaniinamia, akaniambia kama mama mkwe alivyoniambia jikoni, neno kwa neno: "Anasema uitike. Anasema unakwenda mbali, na jina lingine la kwendea huna." Hapo nilimsamehe kila kitu.

Mzungu akaita mara ya tatu. Nilitaka kuinuka na sikuinuka. Nikasema, nikiwa nimekaa palepale kwenye kigoda, "Nipo."

Muhuri ukagonga. Nilipotoka nje koti la jeshi lilikuwa limeshashika barabara ya Njombe, linakwenda bila haraka, na mimi sikuweza kumfuata wala kumpigia kelele, maana kumshukuru ni kuongea naye. Nilikimbilia chumbani, nikafunga viazi vya moto na njegere kwenye jani la mgomba, nikampa Tabita. Alikimbia kwa miguu yake mirefu, kanga imeshikwa mkononi. Niliwatazama kwa mbali, wamesimama, mzee ameinamisha kichwa anasikiliza. Alirudi akihema.

"Kasema nini?"

"Kasema viazi havina chumvi."

"Kingine?"

Tabita akakaa kitandani, akavua viatu taratibu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Kaniuliza swali moja. Alipoitika, alikuwa amekaa au amesimama?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ulisimama wima mpaka kigoda kikaanguka."

"Tabita, nilikaa."

"Najua ulikaa. Nilikuwa mlangoni."

"Na yeye?"

"Akasema, basi. Akafungua jani, akala kimoja, akaenda."

Yule mzee sikumwona tena, alifariki tukiwa kule. Nyumba niliikuta bado ya kwetu, na yule mama wa Kibemba tulimalizana wenyewe bila karani. Lakini siku tulipoondoka Makambako, mimi na Tabita juu ya lori la kwenda Mbeya, matone ya kwanza yakitupiga usoni na watu wote wamejikunyata chini ya turubai, sikuwa na furaha ya mtu aliyepata. Sikuwa na utulivu kabisa. Tabita aliniacha mpaka tulipopita kilima cha kwanza. Kisha akanisukuma begani, akakohoa kama Karani, akaita kwa sauti ambayo dereva aliisikia mbele: Bibi Rahabu, na lile jina lote.

"Nyamaza wewe," nikamwambia.

"Simama," akasema. Hakuwa anacheka. "Nimemwambia mzee wako ulisimama. Mimi majina natunga, lakini yule alikuwa ametembea tangu Njombe. Simama, nisiwe nimemdanganya."

Akaita tena. Nikashika chuma cha ubavuni, watu wakisogeza miguu na kulalamika, nikainuka katikati ya mvua, lori likinirusha huku na huku, nikasema nipo.